Mama aliyekataa mwalimu wa kinanda



Majuma mawili yaliyopita, tulipokwisha kuhesabu franka za likelemba na kila mmoja alikuwa akitafuta viatu vyake mlangoni, mama mmoja wa kikundi chetu alituomba tukae tena kidogo. Alikuwa na neno. Binti yake wa miaka 15, yule ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa kinanda cha korali, hapigi tena kama zamani.

Alitueleza hivi. Binti alianza kupiga akiwa na miaka 9, wala hakuna aliyemfundisha. Alikuwa akisikia wimbo mara mbili au tatu, anakiinamia kinanda, anautoa. Jamaa wakaona hiki ni kipaji, wakajinyima, wakamtafutia mwalimu. Mwalimu akaja na solfeji, na vitabu, na rula ndogo ya kupiga vidole vilivyokosea. Miaka miwili ikapita. Leo binti anasoma karatasi kuliko mtu yeyote katika korali. Lakini mwezi uliopita kulikuwa na kilio mtaani. Usiku, bibi mmoja mzee akaanzisha wimbo wa zamani wa kwao, ambao haukuandikwa popote, akauanzisha mahali kifua chake kilipomruhusu. Watu wote wakamgeukia binti. Naye akakaa, mikono juu ya magoti, mpaka wimbo ukaisha. Kisha akasema chini chini: "Sina karatasi yake."

Baba yake alikuwepo. Kesho yake akatoa neno: kinanda kiuzwe, kilipe minervali ya wadogo zake, maana chombo kisichoweza kulia na watu siku ya msiba ni cha nini? Mnunuzi amekwisha kuja kukitazama. Atarudi mwisho wa mwezi.

"Ninyi walimu," mama akatuuliza, "tulikosea wapi? Tusingemtafutia mwalimu?"

Sisi tunaoandika haya tunafundisha Kifaransa. Katika muziki sisi ni waimbaji tu wa mstari wa nyuma. Tukamwomba atupe muda. Lakini njiani kurudi nyumbani tulijua kwamba ugonjwa huo tunaufahamu vizuri, maana tunauona darasani kila siku: mtoto anayekariri somo lote bila kukosa nukta, na ukimgeuzia swali kidogo tu, anakauka. Tena tuseme ukweli, wengine kati yetu ndio waliompa ugonjwa huo. Tulikuwa tukiweka sifuri kwa mwanafunzi aliyeandika sentensi yake nzuri mahali pa sentensi ya kaye. Tuyaache hayo.

Tukatafuta, tukauliza, tukasoma. Na tukakuta kwamba swali la mama huyu liliulizwa na mama mwingine zaidi ya miaka 100 iliyopita, huko Marekani, juu ya muziki unaoitwa jazz. Tukaona tuwaeleze ninyi nyote, kwa kuwa wenye watoto wa korali, wa gitare na wa ngoma si mmoja.

Kwanza tuondoe mchanganyiko. Hapa kwetu neno jazz tunalijua tangu zamani kwa majina ya vikundi: African Jazz ya Grand Kallé, iliyoanza mwaka wa 1953, na O.K. Jazz ya Franco, iliyoanza mwaka wa 1956. Ule ni muziki wetu, rumba. Jina la jazz walilipenda kwa sababu lilinukia usasa wa siku zile. Jazz yenyewe ni ya watu weusi wa Marekani. Lakini si ya watu wageni kwetu kabisa. Katika mji wa New Orleans kuna uwanja ambao hadi leo unaitwa Congo Square. Watumwa waliruhusiwa kukusanyika pale siku ya Mungu, wakapiga ngoma na kucheza, na mwaka wa 1817 mji ukaweka sheria kwamba wasikusanyike mahali pengine. Wengi wa mababu wa watu wale walitolewa upande wetu huu wa Afrika. Na mwaka wa 1960, Louis Armstrong, mpiga trompeti mwana wa New Orleans, alifika Léopoldville, wakambeba juu ya tipoyi kama mfalme, kisha akapiga hata Elisabethville. Wazee wetu wa Katanga wanaweza kuwaeleza.

Sasa kile kinachofanya jazz iwe jazz ni hiki: mpigaji anachukua wimbo ambao watu wanaujua, anaupiga mara moja kama ulivyo, halafu anaendelea juu ya msingi uleule akibuni sauti nyingine palepale, mbele za watu, bila kuandika. Wimbo ukizunguka tena, anabuni tena, tofauti na mwanzo. Mwisho wanaurudia wimbo kama ulivyo, wanafunga. Hivyo mwanafunzi wa jazz ana kazi mbili. Lazima awe na akiba ya nyimbo nyingi kichwani, na lazima ajifunze kusema jambo lake mwenyewe juu ya nyimbo hizo.

Mtoto tunayetaka kuwaeleza alizaliwa mwaka wa 1910 katika mji wa Atlanta, akakulia Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma. Dunia ilimjua baadaye kwa jina la Mary Lou Williams. Mama yake alikuwa akipiga kinanda cha kusukuma kwa miguu. Siku moja alikuwa amempakata mtoto, mtoto bado mdogo sana, umri wa miaka mitatu hivi, na mama alipoondoa mikono, vidole vya mtoto vikarudia kile alichokuwa amekipiga yeye. Mama akashtuka, akakimbia kuwaita majirani waje waone.

Wamama, fikirini ninyi mngefanya nini baada ya hapo. Wengi wetu tungefanya kama mwenzetu wa likelemba: kutafuta mwalimu mara moja. Mama wa Mary Lou alikataa. Alikuwa na sababu iliyomuuma yeye mwenyewe. Zamani alipiga kwa sikio, akibuni anavyotaka. Kisha akapelekwa kwa mwalimu, akajifunza kusoma karatasi, na tangu hapo hakuweza kupiga kitu tena pasipo karatasi. Hakutaka mtoto wake apoteze kile alichokipoteza yeye. Badala ya mwalimu, akaita wapigaji nyumbani, mtoto akae karibu nao, asikilize, atazame mikono.

Tuliposoma hayo tulinyamaza kwa muda. Hiyo ndiyo hadithi ya binti yetu, imeandikwa upande wa pili wa bahari.

Na yule mtoto aliyekaa bila mwalimu hakukaa bila kazi. Baba yake wa kambo akanunua piano ya kujipiga, zile zilizokuwa na karatasi zenye matundu ndani, vitufe vinashuka vyenyewe. Mtoto akafuata kwa vidole vitufe vilivyokuwa vikishuka. Kulikuwa na majirani weupe waliowarushia mawe ya kujengea nyumbani kwao, na walikoma pale Mary alipoanza kwenda kuwapigia piano majumbani mwao. Tangu miaka 6 alikuwa akipiga kwenye sherehe na kuleta pesa, maana watoto nyumbani walikuwa wengi. (Hatusemi ni jambo zuri mtoto wa miaka 6 alishe nyumba. Tunasema ndivyo ilivyokuwa.) Mtaani wakamwita msichana mdogo wa piano.

Kuna jambo moja alilolieleza mwenyewe akiwa mtu mzima, na tunapenda mabinti wenu walisikie. Akiwa mtoto, walimpeleka kwenye jumba la michezo la Pittsburgh, na pale chini mbele ya jukwaa akamwona mwanamke anayeitwa Lovie Austin, ameketi kwenye piano, miguu ameikunja, sigara mdomoni, akiwaongoza wanaume watano au sita. Mkono wa kushoto ulikuwa ukipiga muziki wa mchezo uliokuwa ukiendelea. Mkono wa kulia ulikuwa ukiandika muziki wa mchezo unaofuata. Mtoto akajiambia kwamba siku moja atafanya vilevile. Sigara tuiache. Lakini angalieni: mkono mmoja unapiga bila karatasi, na mkono wa pili unaandika karatasi. Mwanamke yuleyule, saa ileile.

Hapo tukaelewa kwamba mama wa Pittsburgh alikuwa na haki nusu tu. Maana Mary Lou alipokua na kuingia katika kikundi cha Andy Kirk, huko Kansas City, karibu na mwaka wa 1930, alikuwa na mawazo mengi ya namna ya kuwapangia wenzake sauti, lakini hakujua kuyaandika. Mwanzoni yeye alipiga na Kirk akaandika. Halafu akaona hiyo ni kazi ya watu wawili kwa jambo la mtu mmoja, akajifunza noti. Baada ya miaka michache, vikundi vikubwa vya Marekani vilikuwa vikipiga muziki alioupanga yeye, kile cha Benny Goodman, kile cha Duke Ellington. Pasipo karatasi asingefika huko. Tofauti yake na mama yake ilikuwa hii: sikio lilitangulia, karatasi ikafuata, kama vile mtoto anavyosema kwanza na kuandika baadaye. Ni nani kati yetu aliyemfundisha mtoto wake alfabeti kabla ya kumfundisha kusema "mama"?

Basi wanafunzi wa jazz wanajifunza namna gani? Tulitaka kujua kazi yenyewe, maana neno "kipaji" linaficha kazi nyingi.

Wanaanza na akiba ya nyimbo. Na hapo wana siri ambayo fundi yeyote wa kushona ataielewa. Fundi ana patroni moja ya rinda. Juu ya patroni ile anakata kitenge cha leo na cha kesho, mikono mirefu, mikono mifupi, na watu wanadhani ni marinda tofauti kabisa. Nyimbo za jazz nazo zina patroni zake. Moja ni ya bluzi: vipimo 12, akordi tatu tu za msingi, halafu inarudi mwanzo. Nyingine ni ya vipimo 32: kipande cha vipimo 8, kinarudiwa, kinafuata kipande kingine cha 8 kama daraja, kisha kinarudi kile cha kwanza. Mwaka wa 1930 George Gershwin alitunga wimbo unaoitwa "I Got Rhythm". Wapiga jazz waliichukua patroni yake ya akordi wakashonea juu yake nyimbo nyingi mpya. "Cotton Tail" ya Duke Ellington ya mwaka wa 1940 ni patroni ileile. "Oleo" ya Sonny Rollins ya mwaka wa 1954 ni ileile. Mwanafunzi anayeishika patroni hiyo mkononi amekwisha kushika nusu ya nyimbo hizo zote. Asiyeijua atakariri kila wimbo peke yake kama mtu anayekariri majina ya mito, na siku atakaposahau kipimo kimoja wimbo wote unaanguka.

Halafu wanajifunza kwa sikio. Zamani ilikuwa kwa disiki, leo ni kwa simu. Mwanafunzi anachukua maneno machache ya mpigaji mkubwa, kama sekunde kumi hivi, anayasikiliza mara nyingi. Kabla ya kugusa chombo anayaimba kwa kinywa, mpaka yatoke sawasawa na pumzi zake. Akishindwa kuyaimba, basi bado hajayasikia. Akikwisha kuyaimba, anayatafuta kwenye vitufe. Kwa nini aige maneno ya mwingine ikiwa anataka kubuni? Kwa sababu hakuna anayesema pasipo lugha. Watoto wetu nao waliiga kwanza.

Tena wanauhamisha wimbo. Hili ndilo lililomwangusha binti yetu usiku wa kilio. Kinanda kina sauti 12, na wimbo wowote unaweza kuanza kwenye yoyote kati ya hizo. Karatasi inakupa mahali pamoja tu. Lakini mwimbaji anaanza mahali koo lake linapotaka, na koo la bibi wa miaka 70 halimwombi mtu ruhusa. Mwanafunzi wa jazz hujizoeza wimbo uleule katika sauti zote 12. Ni kazi ya kuchosha, watu wengi wanaikimbia. Wanaoimaliza hawakai tena mikono juu ya magoti.

Msidhani kwamba wakubwa hawakuaibika. Charlie Parker, mpiga saksofoni ambaye wanafunzi wa dunia nzima wanamwiga hadi leo, alilelewa Kansas City na mama aliyekuwa akifanya kazi ya usafi usiku, na mama huyo ndiye aliyemnunulia saksofoni. Akiwa na miaka 16 hivi, huku akijua nyimbo chache sana, alikwenda kupiga na wakubwa. Akapotea katikati ya wimbo. Mpiga ngoma, Jo Jones, akaangusha sahani ya shaba chini mbele yake, watu wakacheka. Mwaka wa 1937 alikwenda kupiga kiangazi kizima katika milima ya Ozark, akachukua disiki alizopiga Lester Young, akajifunza maneno yake moja moja. Aliporudi mjini walewale waliocheka hawakucheka tena. Baadaye alisema kwamba kwa miaka mitatu au minne alikuwa akijizoeza saa 11 hadi 15 kwa siku.

Tunajua mnafikiri nini, maana nasi tulifikiri hivyo. Muziki, mabaa, ulevi. Hatutaficha: Charlie Parker alikamatwa na heroini tangu ujana, akafa mwaka wa 1955 akiwa na miaka 34. Hofu ya wazazi si ya bure. Mary Lou Williams aliwaona wengi wakipotea namna hiyo. Yeye mwenyewe mwaka wa 1954, akiwa Paris, alichoka akaacha kupiga, akarudi nyumbani, akatafuta sala, na mwaka wa 1957 akabatizwa katika Kanisa Katoliki. Halafu akafungua duka la nguo zilizokwisha kuvaliwa, ili apate pesa za kuwasaidia wanamuziki waliokuwa wamefungwa na ulevi na dawa. Akaandika misa za jazz. Na yote hayo hayakumfanya afunge piano milele. Alirudi kwayo.

Na vijana walimwendea. Katika miaka ya 1940, nyumba yake ya Harlem ilikuwa kama shule isiyo na ubao. Thelonious Monk, Bud Powell, Dizzy Gillespie walikuja usiku wakitoka kazini, wakakaa kwenye piano yake, mmoja anaonyesha akordi mpya, mwingine anaisahihisha. Hakuwatoza minervali. Siku hizi kuna shule kubwa za kazi hiyo. Chuo kimoja cha Texas Kaskazini kilianza kutoa diploma yake mwaka wa 1947. Na huko Boston, katika miaka ya 1970, wanafunzi walichoka kutafuta nyimbo moja moja, kitabu cha mamia ya nyimbo kikaandikwa kwa mkono na kuuzwa kwa siri, maana wenye nyimbo hawakulipwa kitu. Kikapata njia ya sheria mwaka wa 2004 tu. Kitabu kile kiliwasaidia wengi. Lakini walimu wengi wa jazz hulalamika juu yake jambo lilelile tunalolalamikia sisi hapa: kijana anakuja na kitabu chini ya mkono, na ukikifunga, wimbo unafungwa nacho.

Mary Lou mwenyewe alimaliza maisha yake akiwa mwalimu, katika Chuo Kikuu cha Duke, tangu 1977 hadi alipofariki mwaka wa 1981. Mtoto aliyekatazwa mwalimu akawa mwalimu. Alipenda kuonyesha mchoro wa mti: mizizi ni mateso ya watumwa na nyimbo zao za sala, shina linapanda, matawi ni muziki wa kila wakati.

Na tusisahau wa kwetu. Franco, yule wa O.K. Jazz, mama yake alikuwa akiuza mikate sokoni Léopoldville. Mtoto akajitengenezea gitare, akawa anapiga karibu na meza ya mama yake ili wanunuzi wasimame. Aliyemwonyesha kazi ya kweli ni mpiga gitare Paul Ebengo Dewayon, uso kwa uso, mkono kwa mkono. Ninyi mkicheza seben, pale maneno yanapokwisha na gitare kubaki peke yake, sikilizeni vidole vile vinavyofanya: msingi hauondoki, na juu yake mpigaji anaongeza jambo lake. Nanyi wenyewe mnafanya hivyo. Mama anayebembeleza mtoto akiingiza katika wimbo jina la mtoto, na bei ya unga, na baba ambaye hajarudi, nani alimwandikia?

Basi, tulifanya nini?

Kwanza tulikwenda kumwona mwalimu wa solfeji. Si mtu mbaya. Alituambia kwamba yeye mwenyewe alifundishwa kwa rula, tena kubwa kuliko hiyo yake. Hakufurahi kusikia habari ya usiku wa kilio, akakaa kimya, kisha akakubali kwamba robo saa ya mwisho ya kila somo karatasi zitawekwa chini ya kiti. Rula ameahidi kuiacha nyumbani. Tutaona.

Halafu Jumamosi iliyopita, saa nane, tuliwaalika bibi watatu nyumbani kwa mama wa binti, pamoja na yule wa usiku ule. Umeme haukuwako. Tukachanga pesa, tukanunua mabuye sita. Tukamwomba bibi aimbe wimbo wake pole pole, na tukamkataza binti kugusa kinanda mpaka ameuimba kwanza mwenyewe. Aliona haya. Bibi akamwambia, "Mwanangu, fungua kinywa, hapa hakuna mtihani." Wimbo ule mmoja ulichukua karibu saa nzima. Sauti ya juu aliipata upesi, lakini akordi za chini zilikuwa zile za kitabu, na kila alipofika mahali fulani bibi alitikisa kichwa: "Hapo hapana. Hapo wimbo unalia, wewe unacheka." Akajaribu mara tano. Mara ya sita bibi alifumba macho akaendelea kuimba, nasi tukajua amepata.

Bibi wa pili akauanza wimbo uleule chini zaidi. Tulimwona binti akitazama mahali karatasi inapokaaga, pakawa patupu. Akatafuta kwa kidole kimoja, akapotea, akarudi, mpaka akapiga kwa vidole vitatu tu, bila mkono wa kushoto. Haikuwa nzuri. Lakini mwishoni, bibi aliponyamaza kuvuta pumzi kati ya beti mbili, mkono ule ukaweka katika nafasi ile sauti nne ndogo ambazo hakuna aliyemwomba. Bibi akainua jicho. Ubeti uliofuata, akaziimba sauti zile nne yeye mwenyewe.

Baba alipita mlangoni akitoka kazini, akasimama kidogo, akauliza, "Hayo mabuye ni ya nani?" Tukamwambia ni ya kikundi. Akaingia ndani, hakusema kitu kingine. Habari ya mnunuzi bado haijabadilika: mwisho wa mwezi ni Jumamosi mbili kutoka leo, na sisi hatuwezi kuamua nyumbani kwa watu.

Jumamosi hii tutakuwa pale tena, saa nane, baada ya soko. Kila mama alete wimbo mmoja wa kwao usioandikwa, na wanaoweza walete buye moja moja, yale manene. Ya juma lililopita yamekwisha.